Mtu wa Saba

Inspekta Behnke aliisukuma ile picha mbele tena. Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi, na saa nane mchana ilikuwa imeshapita.

"Daktari, nitajie jina tu. Halafu uende ukale."

Albrecht Wiegand akaitazama. Makaburini, mvua nyepesi, watu saba wameipa kamera mgongo. Sita walikuwa karibu na shimo, na Behnke alishawawekea alama ya wino vichwani: mjane wa Profesa Rosenhain, binti zake wawili, mpishi wao, na wazee wawili majirani. Wa saba alikuwa pembeni kulia, karibu kabisa na kamera, kwa hiyo alionekana mkubwa kuliko wote. Juu yake hakukuwa na alama.

"Simjui."

"Ulikuwa msaidizi wa Rosenhain miaka tisa."

"Ndiyo."

"Mnasomea nini hasa?"

"Kuona."

Behnke akacheka kivivu, huku anajikanda shingo. "Miaka tisa kusomea kuona. Mimi mama yangu alinizaa naona tayari. Haya, bingwa, niambie unaona nini."

Albrecht alijua kinachomsubiri. Rosenhain alikuwa Myahudi, na Ujerumani ya miaka ile hilo peke yake lilitosha kumtoa chuoni. Alipokufa ikatoka amri: mfanyakazi wa chuo atakayeonekana kwenye mazishi yake, kazi hana. Wengine walisema si kazi tu. Na Hedwig, mke wa Albrecht, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Na Albrecht alikwenda. Alifika amechelewa, akasimama nyuma kabisa, ameupa ukuta mfupi wa makaburi mgongo, kofia mkononi, akaondoka kabla udongo haujaanza kurudishwa. Hakumsalimia mtu.

Ndiyo maana asubuhi, picha ilipowekwa mezani mara ya kwanza, alitafuta ukuta kabla ya kitu kingine. Hakuuona. Ukuta haukuwemo kabisa. Na siku ile mbele yake aliona migongo sita. Aliikumbuka mmoja mmoja, mpaka mwavuli wa mpishi uliovunjika njiti. Basi huyu wa saba alikuja baadaye. Albrecht alishusha pumzi polepole, Behnke asije akasikia.

"Unaona nini?" Behnke alirudia.

"Karatasi. Na madoa meusi kwenye karatasi."

"Usinichezee. Yule ni mtu."

"Wewe unajua ni mtu. Unachoona ni mgongo. Uso unauongeza mwenyewe. Mtu wa kweli ungemzunguka ukamwona kwa mbele. Huyu wa kwenye picha huwezi, hana upande wa pili."

Behnke akaigeuza picha. Nyuma kulikuwa na tarehe na muhuri.

"Upande wa pili huu hapa. Kweli, hana uso." Akaigeuza tena. "Daktari, na mimi nina njaa. Haya, niambie huo mgongo basi."

Hiyo Albrecht aliiweza. Zamani Rosenhain alikuwa anawawekea wanafunzi wake kikombe mezani, wanakieleza wiki nzima, na aliyesema "kikombe" alianza upya. Akaivuta picha karibu. Kwa muda kidogo alisahau yuko wapi.

"Bega la kushoto limeshuka. Koti limepauka hapa katikati. Nywele za utosini zimekwisha. Shingo imeingia ndani, kama ya mtu aliyezoea kuinamia meza. Ni mzee. Au labda si mzee, amechoka tu." Akaisogeza picha kwenye mwanga. "Amechoka sana huyu."

Yule mtu alimtia huruma, hata hakujua kwa nini. Baba yake alisimama hivyo hivyo mwaka wake wa mwisho.

"Umemjua," alisema Behnke. "Nimekuona usoni."

"Sijamjua."

"Daktari, mkeo amekaa kwenye benchi hapo chini tangu saa tatu. Mlinzi amempa kiti cha mto, amekataa. Unataka azalie hapa?"

Albrecht akafumba macho. Kichwa kilikuwa kinagonga. Angeweza kusema hapana mara ya tano, na mara ya sita, na kesho wangeanza tena na picha hii hii.

"Nikikutajia, naenda?"

"Unaenda. Na mimi naenda."

Akawapitia wote aliowahi kufanya nao kazi, akamchagua yule ambaye hakuna mkono wa hapa ungemfikia.

"Ulrich Sasse. Alikuwa anafunga vitabu maktaba. Wiki moja baada ya mazishi alipanda meli kwenda Ajentina."

"Ajentina," alisema Behnke, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Lakini akachukua kalamu. "Una hakika? Maana nitaandika, nisije nikafuta."

"Huo mgongo nimekaa nao miaka tisa."

"Basi weka sahihi hapa."

Albrecht akaweka sahihi. Akachukua koti lake kwenye kiti, akavaa, akavaa na kofia. Behnke hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika, anamung'unya herufi za jina la Sasse.

"Msalimie mama mtarajiwa," alisema.

"Asante, Bwana Inspekta."

Mpaka mlangoni zilikuwa hatua chache. Alishaanza kufikiria atakachomwambia Hedwig, na supu ya viazi, na kulala. Akashika kitasa.

Nyuma yake kalamu ikanyamaza. Kisha akasikia picha ikikwaruza meza, inainuliwa.

"Daktari," alisema Behnke taratibu. "Hilo bega lako la kushoto... Vua kofia. Hapana, usigeuke."