Injini Ikiwa Baridi

Msusi aliinama, akaweka kiganja juu ya injini ya jenereta. Ilikuwa na joto, kama bakuli lililotoka kutiwa uji.

“Hiyo haijawashwa tangu juzi, dada,” muuzaji alisema, mkono tayari kwenye kamba ya kuwashia. “Navuta mara moja tu, inanguruma!”

Msusi alijua ingenguruma. Hata injini mbovu, ukishaipasha moto, huwaka kama mpya. Akiba yote ya saluni, yake na ya mama yake, ilikuwa ndani ya pochi aliyoikumbatia.

Aibu ya kumshuku mtu waziwazi ilimpanda hadi masikioni. Hata hivyo alivuta ndoo, akaipindua, akaketi.

“Usivute, kaka. Nasubiri ipoe.”

“Ipoe nini? Wateja wengine wananisubiri, dada!”

“Waite. Nao waishike.”