Halua ya Jirani

Kwa siku tisa sukari ya Bi Mwanatumu ilitulia, na kwa siku tisa simu yake haikulia.

Kidude cheupe, kipana kama kifungo cha koti, kilikuwa kimegandishwa nyuma ya mkono wake. Kilipima sukari ya damu kila baada ya dakika chache, na namba zilitokea kwenye simu ya bintiye, Salme, huko ughaibuni. Ikipanda, Salme hupiga. Ikitulia, Salme humshukuru Mungu na kuendelea na kazi.

Alasiri ile Bi Mwanatumu alikata kipande kinene cha halua, akakila chote, kisha akaiweka simu mapajani na kusubiri.

Ikalia.

"Shikamoo Mama, umekula nini?"

"Marahaba mwanangu. Halua kidogo tu. Jirani kaleta."

Nyumba ya jirani ilikuwa na kufuli tangu Ramadhani.

"Mama jamani! Haya, kunywa maji, utembee uani. Sikati simu mpaka sukari ishuke."

"Hukati?"

"Sikati, Mama."

Bi Mwanatumu akatoka uani, simu sikioni, akaanza kukizunguka kisima kwa hatua fupi fupi, polepole, isije ikashuka upesi.