Mbwa Asizidi Goti

Kanuni za nyumba za manispaa zilikataza mpangaji kufuga mbwa anayezidi urefu wa goti. Chausiku, mbwa wa Bi Nyamvula, alimfikia kiunoni, na tangu bibi huyo afiwe na mumewe, ndiye pekee aliyebaki wa kuzungumza naye. Afisa alipofika na futi yake, Chausiku alijibwaga chali mlangoni, miguu juu.

“Msimamishe, mama, nimpime.”

“Kwani kanuni inasema apimwe amesimama?” Bi Nyamvula aliuliza.

Afisa aliisoma karatasi mbele na nyuma. Haikusema. Akashusha pumzi, akapiga magoti, akanyoosha futi. Kalamu ilisita juu ya fomu, na mkono wake mwingine, bila kutumwa na ofisi, ukaanza kumkuna mbwa tumboni.