Diski ya Pili

Siku hizo wafu hawakuzikwa na sauti zao. Kila nyumba ilikuwa na kompyuta yenye diski za marehemu wake, na watu waliongea nao kama kawaida. Asubuhi moja kompyuta ya Sikudhani iliwasha taa nyekundu na kuandika: "Diski ya pili ni mbovu. Ichomoe kabla haijaharibu nyingine."

Sikudhani alibabaika. Diski zilikuwa nne, hazina namba. Ya pili kutoka juu ilikuwa ya mama yake. Kutoka chini, ya bibi yake.

Akampigia fundi Mshamu.

"Inategemea mashine inaanzia wapi kuhesabu," alisema fundi. "Ila ukichomoa iliyo nzima, hairudi tena."

Basi akawauliza wenyewe.

"Ni mimi, mwanangu," alisema mama. "Siku hizi nasahau sana. Nichomoe."

"Usimsikilize," alidakia bibi. "Mbovu ni mimi. Muache mama yako."

Sikudhani hakujua nani anaumwa kweli na nani anajitoa tu. Mwishowe alifumba macho, akachomoa ya mama. Taa ikazimika, naye akashusha pumzi.

"Bibi, u salama?"

"Salama, binti," sauti ilijibu kwa upole. "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"