Alioa, Aliolewa

Picha ya jalada ilipofika, Mwalimu Haroub alidhani wameleta siyo. Yule mwandishi wa kigeni, ambaye Mwalimu alikuwa amemaliza kuandika kitabu kizima cha uhakiki juu ya maisha na kazi zake, alikuwa mwanamke.

"Kwani hukujua?" aliuliza Bi Zamzam, mhariri wake.

"Ningejuaje? Nimemsoma kwa tafsiri. Kila mahali ni yeye, yeye! Wasifu unasema alifunga ndoa, nami nikaandika alioa."

"Basi andika aliolewa, Mwalimu. Mtambo wa kuchapa unatungoja."

Alinyakua kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha huku akiwalaani watafsiri wote. "Alioa" likawa "aliolewa". "Mkewe" likawa "mumewe". Akafika pale alipoandika: "Aliwaacha wanawe wachanga nyumbani, akaenda ugenini kuandika. Huo ndio ujasiri wa msanii."

Bi Zamzam aliinama begani kwake akasoma.

"Hapo hapana cha kubadilisha," alisema.

Lakini kalamu ya Mwalimu ilikuwa imeshalikata neno "ujasiri", na wino ulikuwa bado haujakauka.