Dira ya Sikudhani

Tangu dira zipigwe marufuku, kila mtu alitembea kwa kufuata sauti ya Kiongozi, kidude kilichovaliwa sikioni. Asubuhi ambayo nyoka alimuuma binti yake Mashavu, Sikudhani alikiuliza njia ya zahanati.

"Fuata barabara. Mwendo wa saa nne."

Mguu wa mtoto ulikuwa ukivimba. Sikudhani alikivua kile kidude, akakiacha mezani, akafukua dira ndogo aliyoificha kwenye pipa la unga. Akambeba Mashavu mgongoni na kuingia msituni. Ukungu ulikuwa mzito. Kila baada ya hatua chache alisimama, akangoja mshale utulie, ndipo akaendelea kuelekea mashariki, iliko zahanati.

"Mama, tumepotea?"

"Hapana. Usilale, mwanangu."

Baada ya saa moja wakafika. Muuguzi alimchoma mtoto sindano ya dawa, akangoja mpaka alipoanza kupumua vizuri.

"Mmepita wapi, dada? Mtambo wa Kiongozi unaonyesha bado uko nyumbani."

Muuguzi akafunga mlango.

"Unayo dira," akanong'ona. "Nifundishe kuisoma."

Sikudhani alimtazama, asijue kama anaombwa msaada au anategwa. Kisha akamtazama Mashavu aliyelala salama, akaingiza mkono mfukoni.