Aliyechimba Makaburi Manne

Mgombea udiwani alitutangazia kwa kipaza sauti kwamba alianza kuhudumia wanyonge kabla hata ya siasa. Mafuriko yalipoua watoto wanne hapa mtaani kwetu, alisema, makaburi yao aliyachimba yeye kwa mikono yake.

Watu wakapiga makofi. Mie sikupiga. Nilikuwa mfiwa siku ile, na sisi wanawake hatuendi makaburini. Nitajuaje nani alishika jembe?

Nikamtazama mikono. Mikono haisemi kitu. Mtu anaweza kuchimba leo, sugu zikaisha kesho. Labda kweli alikuwepo, nami namdhulumu bure.

Akashuka jukwaani kuja kutusalimia akinamama. Mpambe wake, kipaza sauti mkononi, akamnong'oneza jina langu.

"Mama Talha! Shikamoo mama yangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, yenye joto, iliyonukia manukato. "Talha hajambo? Yuko darasa la ngapi sasa?"

Akinamama wote wakanigeukia.

"Yuko palepale ulipomchimbia," nikamwambia.

Akataka kutoa mikono yake. Nikaibana, kisha nikamgeukia mpambe.

"Hebu nipe hicho kipaza sauti."